Bi Mahfoudha na Chetezo Kilichochelewa

Bi Mahfoudha bint Khalfan ameitumikia kampuni yetu ya safari za milimani hapa Ibra tangu mwaka 1991, na Jumatano hii, tarehe 31 Disemba 2008, baada ya miaka kumi na saba, anakabidhi funguo za kituo cha Wadi Ghafa na kwenda zake kupumzika. Hatutasema kwamba anakwenda kwa huzuni. Mhasibu alipomuuliza anajisikiaje, alijibu kwamba anajisikia kama mtu aliyechunga mbuzi miaka mingi, na sasa anaambiwa mbuzi hao wana leseni ya udereva.

Hotuba ya Kiarabu ataisoma meneja, na ndani yake mtasikia maneno mazuri ya utumishi uliotukuka na ushirikiano mwema. Sisi wa jikoni na gereji tumeomba tuandike ya kwetu kwa Kiswahili. Bi Mahfoudha husalimia watu kwa Kiarabu na huhesabu kwa Kifaransa, lakini huwadharau kwa Kiswahili, na dharau ndiyo kazi aliyotufanyia muda wote huu. Imeokoa watu wengi kuliko kofia ngumu zote zilizomo stoo.

Kalamu nimepewa mimi kwa sababu nilimaliza sekondari na mwandiko wangu unasomeka, na pia, wanasema wenzangu, kwa sababu bi arusi hana kazi ila kucheka. Ni kweli nimeolewa Mfungo Mosi uliopita, baada ya Ramadhani, ni kweli nacheka, na huyo mume wangu mwenyewe, nuru ya macho yangu, amo katika habari hii. Mtamwona atakapofika, na mtaona kwamba hakufika vizuri.

Bi Mahfoudha alizaliwa Unguja, akakulia Bujumbura dukani kwa ami yake, akaja Oman katika miaka ya sabini akiwa na Kifaransa kizuri na Kiarabu kibaya. Alipokea simu katika hoteli moja ya Nizwa mpaka kampuni yetu ilipofunguliwa na kutafuta mtu wa kukaa na redio ya upepo kwenye mdomo wa Wadi Ghafa. Walitaka sauti inayosikika. Ndani ya mwezi mmoja madereva wote waliijua sauti hiyo, na kabla ya mwaka kwisha walikuwa wakiiogopa.

Kwa mgeni ambaye hajafika huko, Wadi Ghafa ni njia ya mto usio na mto. Siku nyingi za mwaka huoni humo ila mawe meupe, mitende michache pembeni, na vidimbwi vya samaki wadogo. Kuta za mlima zimesimama huku na huku, na mahali pengine zinakaribiana hata gari mbili hazipishani. Mwisho wake kuna jabali refu, na chini ya jabali mteremko wa changarawe. Mteremko huo ndio msiba wetu. Vijana huja kutoka Sur, kutoka Jalan, kutoka Nizwa, ili kuupanda kwa Landkruza na pikipiki za magurudumu manne, kila mmoja akitaka kuacha alama ya tairi lake juu kuliko alama ya mwenzake. Huko juu hakuna kitu. Hakuna tende, hakuna maji, hakuna mchumba. Ni alama ya tairi tu, na upepo huifuta kabla ya Ijumaa.

Na mvua hainyeshi pale. Hunyesha mbali, nyuma ya vilele, ambako mtu aliye chini haoni. Juu ya kichwa chako mbingu imetakata kama sahani iliyooshwa, na nyuma ya mlima imekwisha kumwagika. Kisha wadi inashuka: maji, matope, miti, na mawe makubwa kama majokofu. Haipigi hodi. Kijana aliyekuwa akijipiga picha na gari yake hugeuka akakuta njia aliyoingilia haipo tena.

Yote haya yanajulikana. Mtoto wa darasa la pili hapa Sharqiyah anayajua. Lakini mpe mtoto huyo miaka kumi na mingine, mpe gari yenye magurudumu mapana na marafiki wanne wa kumshangilia, atakwambia kwamba wadi ni kwa wasiojua kuendesha.

Miaka ya mwanzo Bi Mahfoudha alikuwa na adabu. Wazee wa gereji wanaapa kwamba ni kweli, nasi tunawaamini kwa kuwa ni wazee. Alikuwa akisimama mlangoni mwa kituo na kusema tafadhali. Alikuwa na rafiki huko juu, Mzee Hamdun, mfuga nyuki wa kijiji cha mlimani, ambaye kampuni ilimpa redio awe jicho letu nyuma ya vilele. Hamdun akisema kuna wingu, Bi Mahfoudha huwaambia watu tafadhali msipande, na watu wakimsikiliza au wasimsikilize, kila mtu na bahati yake.

Mwaka 1997 walikuja mabwana wawili, watu wazima, wamesoma, suruali zao zina mifuko kila mahali. Akawaambia tafadhali, Hamdun ameona wingu. Wakamshukuru sana. Wakamsifu kwa ukarimu wake, wakamwachia hata peremende, wakapanda. Aliyerudi alikuwa mmoja, kwa miguu, bila viatu. Mwenzake alipatikana siku ya pili katika mitende ya watu.

Tangu hapo neno tafadhali lilitoka kituoni na halijarudi. Aliueleza mkutano wa wafanyakazi kwamba mtu akiombwa kwa upole hudhani amepewa hiari, na wadi haitoi hiari. Alisema afadhali wamchukie na warudi kwao, kuliko wamshukuru na kufa. Meneja wa wakati huo, Bwana Marwan, ambaye sasa anauza viyoyozi mahali pengine na huko hakuna anayezama, alimtaka awe na lugha ya biashara. Bi Mahfoudha akamjibu kwamba maiti hawanunui safari.

Basi ikaanza enzi ya dharau, na enzi hiyo tumeifaidi. Bwana mmoja wa Nizwa alifika na gari iliyoongezwa taa juu, taa chini, taa ubavuni. Akamuuliza kama anakwenda kupanda mlima au kuolewa. Mwingine alijitapa kwamba amevuka mchanga wote wa Sharqiyah bila kukwama. Bi Mahfoudha alimwambia kwamba hata ngamia amevuka, na ngamia hakuhitaji kumwambia mtu. Walimu fulani walileta wanafunzi kulala ndani ya wadi, mahema yamepangwa juu ya changarawe laini, pazuri hasa. Aliwauliza walimu hao wanafikiri nani aliyeisawazisha changarawe ile ikawa laini hivyo, na kwa ufagio gani. Mahema yalihamishwa kwa haraka ambayo walimu hawaitumii skuli.

Msidhani kwamba alikuwa hakosei. Alikosea mara nyingi. Alizuia watu siku za jua kali, wakakaa hadi magharibi, na halikushuka hata tone. Sikukuu moja aliizuia familia nzima na sufuria zao za wali, wakaondoka wakimsema vibaya. Yeye husema kwamba waliomsema vibaya walimsema kwa midomo iliyo hai, na yeye hana haja ya zaidi.

Jambo moja katika kazi yake lilitoka mbali, na sharti tulitaje, maana ni mara ya pekee tuliyomsikia akimsifu mtu wa ofisini. Mwaka 2001 Majid, mpwa wa mwenye kampuni, alirudi kutoka masomoni Kanada na mkanda wa video. Akatukusanya wote, madereva, wapishi, mafundi, tutazame mafunzo ya usalama. Nje joto limeua hata nzi, ndani tunatazama theluji. Watu waliovaa makoti kama magodoro walikuwa wakipanda milima myeupe kwa pikipiki za theluji, zenye mnyororo nyuma na mbao mbele. Gereji nzima ilicheka. Bi Mahfoudha alivua miwani akasema, "Theluji ikifika Ibra mniamshe," akafumba macho.

Majid ni mtu mwenye subira. Akaendelea. Pakafika mahali ambapo vijana wameegesha pikipiki zao chini ya mteremko, wamekaa juu yake, wanakula mikate. Mwenzao mmoja anapanda peke yake, ananguruma, anataka alama ya mnyororo wake iwe juu kuliko ya wote. Anafika juu, anageuka, na mlima mzima unavunjika nyuma yake kama kigae. Yeye anaponea ubavuni. Walio chini, wenye mikate, wanafunikwa. Mwalimu wa kwenye mkanda akaeleza kwamba theluji ile ilikuwa imelala kimya siku nyingi, na kwamba wengi huingia hatarini kwa kuwa wenzao wanatazama.

Bi Mahfoudha alikuwa amekwisha vaa miwani.

"Rudisha nyuma," akamwambia Majid. Majid akarudisha, tukatazama tena wale wanaokula mikate. Bi Mahfoudha akasema polepole, "Hawa ni wetu. Wamevaa makoti tu."

Kuanzia wiki ile akaweka sharti ambalo madereva wa kampuni wanalifuata mpaka leo. Penye wembamba hupita gari moja tu, na waliobaki hukaa mahali pa juu, injini zimezimwa ili masikio yasikie, macho yako mlimani. Hakuna kusubiriana chini ya mteremko. Hakuna kula chini ya mteremko. Na asiyekuwa na habari za huko juu hapandi. Ukimuuliza sharti hilo kalipata wapi, hatakwambia ni la kwake. Atakwambia kalipata kwa Majid, aliyeleta theluji Ibra na hakuna aliyemwamini.

Sasa tufike Alhamisi ile ya mwezi wa Agosti, mwaka 2005.

Adhuhuri ilikuwa imekwisha kusaliwa. Mbingu safi. Mimi nilikuwa jikoni kituoni nikimenya vitunguu, na nikasikia muziki kabla sijasikia magari. Zilikuja Landkruza tano kutoka Sur, zinakwenda kwa safu kama zinapeleka mahari. Wenyewe walikuwa na jina la kundi lao limebandikwa kwenye vioo, jina la kujisifu ambalo sitaliandika kwa sababu nyumbani kwangu sasa ni aibu. Walitaka kuupanda mteremko siku hiyohiyo, wapigwe picha, picha ziende kwenye jarida la magari. Mkubwa wao aliteremka mbele, mrefu, kilemba kimekaa upande, anatabasamu kama mwenye nchi. Huyo ndiye Zuhair. Enyi wasomaji, moyo wangu ulikwenda mbio, na bado unakwenda nikiandika jina lake. Lakini ukweli lazima uandikwe: alikuwa mjinga. Mzuri, mwenye sauti tamu, na mjinga.

Tangu asubuhi redio ya Hamdun ilikuwa kimya. Bi Mahfoudha alikuwa amemwita na kumwita, akapata mkwaruzo tu. Huenda betri imekufa, huenda mzee yuko mizingani. Hakuna aliyejua. Bi Mahfoudha akawaambia vijana hivyo hivyo, kwamba Hamdun hajajibu na wadi isiyojibiwa haipandwi.

Zuhair akasema kwa upole wa mtu anayemwonea mtu mzima huruma, "Shikamoo Bi. Sisi si watalii. Wadi hii tunaijua."

"Marahaba. Na yenyewe inakujueni?"

Wenziwe walicheka. Alaa, mdogo wao na mwenye ulimi mrefu kuliko wote, alisema mawingu ya Bi yako kwenye miwani yake. Bi Mahfoudha akasema miwani yake inamwonyesha vijana watano wazima, na angependa iendelee kumwonyesha watano.

Ingekuwa siku nyingine angefunga mnyororo wa barabara na yangekwisha. Lakini simu ililia, na alikuwa Bwana Marwan. Vijana hawa, alisema, wanakwenda kwenye jarida, na jarida litaitaja kampuni. Wafunguliwe mara moja. Aliongeza kwamba akisikia wamezuiwa, Bi Mahfoudha alete funguo za kituo ofisini Jumamosi, zitapata mtu mwingine. Sauti yake ilikuwa inasikika mpaka jikoni. Bi Mahfoudha alisema ndiyo, bwana. Aliisema mara mbili, jambo ambalo lilitutisha sote.

Kisha akatoka nje, akafungua mnyororo wa barabara kwa mkono wake mwenyewe, ukaanguka chini. Vijana wakashangilia. Zuhair akamshukuru sana. Nilimwona Bi Mahfoudha akiipokea shukrani ile, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeachiwa peremende kwa mara ya pili.

"Njia iko wazi," akasema. "Lakini mmefika mlangoni kwangu. Ingieni kahawa."

Ninyi mnaojua desturi zetu mmekwisha fahamu. Kijana wa Sur anaweza kuikataa amri, anaweza kuikataa sheria, lakini hawezi kukataa kahawa ya mwanamke wa umri wa mama yake mbele ya wenziwe. Walitazamana. Wakavua viatu. Wanne walikuwa wameegesha magari juu, penye kivuli cha kituo, kwa kuwa Thabit mlinzi aliwaelekeza huko. Zuhair peke yake aliacha gari yake chini, ndani ya wadi, pua yake mlimani, muziki ukipiga, ili awe wa kwanza kuondoka.

Kituo kimejengwa juu ya mwamba, na majlisi yake, chumba cha wageni, ina dirisha linaloitazama wadi. Walikaa kwenye mazulia. Thabit akamimina kahawa. Wakala tende, wakanywa, wakatikisa vikombe kuonyesha wameridhika, kama wanavyotikisa watu wa heshima. Bi Mahfoudha akasema tende zile ni za Fanja, sasa waonje za Ibra waseme zipi bora. Wakaonja. Ikabidi wanywe tena. Ikaja halua, na mimi huku jikoni naambiwa nikate vipande vidogo, vingi. Likaja tikiti. Ikaja kahawa ya baada ya tikiti. Bi Mahfoudha akamuuliza kila mmoja mama yake ni nani na bibi yake ni nani, akawa anawajua nusu yao, na wale asiowajua akawauliza mpaka akawajua. Alimwambia Alaa kwamba bibi yake alikuwa hodari wa kusuka ukili wa mikeka, na kwamba anashangaa mikono kama ile imezaa mjukuu anayeshikilia usukani kama kikapu cha mayai.

Nilikuwa natazama kupitia kidirisha cha kupitishia sahani. Vijana wote walikuwa wanatazama mahali pamoja. Kwenye rafu, karibu na mrashi wa mawaridi ya Jabal Akhdar, kilikaa chetezo cha udongo, na ndani yake hakukuwa na moto. Mgeni hufukizwa udi, hunyunyiziwa marashi, ndipo huaga. Kabla ya udi, kikao bado kipo, na anayenyanyuka amemwambia mwenye nyumba kwamba nyumba yake haifai. Kila mmoja wa wale watano alilelewa hivyo. Kila mmoja alikingoja chetezo kile kama dereva anavyongoja taa ya kijani.

Mwisho Alaa hakuweza. Akauliza kwa adabu yote aliyonayo kama leo kuna udi.

"Upo. Makaa ndiyo yana unyevu."

Makaa ya Ibra. Mwezi wa Agosti. Thabit aligeuza uso ukutani, mabega yanamtikisika. Zuhair akatazama saa yake, akatazama dirisha, akatazama gari yake kule chini, akasema pengine leo wangeomba ruhusa bila udi, kwa kuwa jua linapungua na picha zinataka mwanga. Alikuwa amekwisha kuweka mkono chini ili anyanyuke.

Bi Mahfoudha hakupandisha sauti. "Mama yako anajua kwamba hutoka nyumba za watu kabla ya udi?"

Mkono ukarudi mapajani. Aliniambia baadaye, mume wangu, kwamba katika maisha yake hakuwahi kuchukia mtu kama alivyomchukia mwanamke yule wakati ule. Bi Mahfoudha aliona hivyo, na alionekana ameridhika.

Kahawa ilikuwa imebaki machicha. Halua imekwisha. Bi Mahfoudha hakuwa na neno la mtu tena, hakuwa na bibi wa kumuuliza, na mbingu dirishani ilikuwa safi vilevile. Aliingia jikoni kuchukua maji. Akajaza glasi, akaisahau mezani. Alikuwa ameweka kazi yake yote juu ya kikombe cha kahawa, na hakuwa anajua lolote kuhusu mvua. Alichojua ni kwamba hana habari za huko juu, basi. Nikamuuliza kama nichome udi, kwa kuwa vijana watatuvunjia mlango. Akasema, "Bado."

Kwanza walinyamaza ndege. Halafu ukaja mlio kama lori linalomwaga kokoto, mbali, na kumwaga kwake hakwishi. Vijana waliusikia. Zuhair aliruka, na safari hii hakuna aliyemuuliza habari za mama yake. Wote walikwenda dirishani.

Wadi ilishuka. Ilikuja ya rangi ya kahawa yenyewe, mbele yake magogo na mapovu, ikajaza pale penye wembamba kutoka ukuta hadi ukuta, na ndani yake mawe yakigongana. Kutoka juu ya kuta nayo mawe yakaanza kuporomoka, yale ambayo miaka yote yamekaa kama yamejengwa. Gari ya Zuhair ilinyanyuka polepole, kama inasalimia, ikageuka ubavu, ikaenda. Haikuupanda mteremko, lakini kushuka ilishuka vizuri sana, na muziki ulikuwa bado unapiga.

Alaa alikuwa amekaa chini, analia bila sauti. Nyuma yetu tukasikia kiberiti. Bi Mahfoudha alikuwa amechuchumaa mbele ya chetezo, anapuliza makaa, na makaa yalikuwa makavu kabisa, yalishika mara moja. Akaweka udi. Akampitishia kila mmoja, akianza na Zuhair, moshi ukapanda kwenye ndevu zake na kwenye kanzu yake, akawanyunyizia marashi mikononi.

"Haya," akasema. "Sasa nendeni."

Redio ya Hamdun ilirudi alasiri. Mzee alikuwa amekimbilia juu ya paa la nyumba yake na mizinga miwili ya nyuki, anaomba msamaha kwa kuchelewa.

Bwana Marwan alikuja Jumamosi, akaitazama wadi, na funguo hakuziulizia. Wiki iliyofuata aliliambia jarida kwamba kuzuia wageni kwa ukarimu ni mpango wa usalama uliobuniwa na ofisi yake. Akapewa tuzo kwenye hafla, kigae cha kioo kimeandikwa kwa dhahabu, na kwa wema wake akakileta kituoni kiwekwe ukutani. Mtu yeyote anayetaka kukiona aingie jikoni. Kimekaa juu ya gudulia la achari ya ndimu, kinakandamiza kifuniko. Ni kizito, kinafaa.

Zuhair alirudi kwa teksi, na kapu la papa mkavu kutoka Sur, kumwomba radhi Bi Mahfoudha. Akaambiwa papa yule ana chumvi nyingi. Akarudi tena na mwingine. Akawa anakaa kwenye redio kila Alhamisi, anajifunza kumsikiliza Hamdun na kusikiliza pale ambapo Hamdun hajibu, na kapu likawa linaletwa jikoni, na jikoni nilikuwapo mimi. Mengine ni yangu. Nitasema tu kwamba siku ya arusi Bi Mahfoudha alinifukiza udi nguo moja moja, na huku akiniambia mume wangu bado anaegesha gari vibaya.

Funguo za kituo, kuanzia kesho, anakabidhiwa Zuhair huyo huyo. Bi Mahfoudha hakulala vizuri juu ya jambo hilo. Alimwambia kila mtu, pamoja nami mke wake, kwamba Zuhair ni kijana mwema na ndiyo kasoro yake: ana mapenzi usoni, atasema tafadhali, na mtu atakwenda kufa kwa furaha. Mwaka 1997 haujamtoka. Hofu yake haikuwa ya kustaafu. Alikuwa anahofia mlango ule ubaki na mtu wa kushukuriwa.

Alhamisi iliyopita akataka amwone akifanya kazi peke yake. Walikuja vijana wa Nizwa na pikipiki za magurudumu manne, na mlimani kuna ukungu, Hamdun haoni kitu. Bi Mahfoudha alikaa pembeni na ukili wake, amefunga mdomo, kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Mume wangu aliwatazama wale vijana, kofia zao, glavu zao, na nikaona mdomo wake, mdomo ninaoupenda, unapinda upande mmoja. Akawauliza kama wamekuja kupanda wadi au kurina asali. Kisha akawakaribisha kahawa. Walikaa, wakala, wakatikisa vikombe, wakatazama rafuni. Mmoja akaulizia udi. Zuhair akamwambia makaa yana unyevu. Mvua haikunyesha siku ile, hata umande. Vijana waliondoka magharibi wakimlaani yeye na ukoo wake, wote wazima, kila mmoja na kichwa chake.

Bi Mahfoudha alikunja ukili wake, akamwambia Thabit kwa sauti ambayo mume wangu aisikie, "Unyevu wa makaa yake unatosha." Usiku ule alilala.

Anahamia Fanja, kwenye nyumba aliyoijenga juu ya kilima baada ya kuwauliza wazee watatu tofauti maji hupita wapi. Ana mitende kumi, ana wajukuu, na amekwisha mwambia jirani yake kwamba gari yake ameiegesha mahali pa mpumbavu. Bi Mahfoudha, asante. Asante kwa kila tusi, kwa kila mnyororo uliofunga, kwa kila mtu aliyekuchukia akarudi kwao. Na asante kwa mmoja, anayenisubiri nyumbani jioni hii. Mungu akupe siku ndefu zenye baridi ya mlimani na usingizi usio na redio.

Waalikwa wataona kwamba ratiba ya leo ina dua, ina hotuba, ina biriani na halua na kahawa, na mwisho wake haina udi. Mpiga chapa hakusahau. Chetezo kiko rafuni, kimepanguswa, hakina moto. Tumekijaribu asubuhi hii, na tunasikitika kukuarifu kwamba makaa yana unyevu. Kaa, Bi. Kahawa nyingine inakuja.